Figo ya Marehemu

Leicester, 9 Januari 2024

Kwako dada yangu Anjana,

Sijui nikusalimu vipi baada ya miaka thelathini, kwa hiyo nitaanza kama waanzavyo watu wa huku, kwa hali ya hewa. Baridi imetukaba na jua tunalisikia kwa jina tu. Sisi hatujambo. Mke wangu Bhavna anaendelea na hekalu lake na marafiki zake. Pritesh anafanya kazi benki. Jhanvi amejifungua mtoto wa kike mwezi wa kumi, kwa hiyo mimi sasa ni babu. Anwani yako nimepewa na Lewa wa duka la vitambaa pale Malindi, ambaye bado hunipigia simu siku za sikukuu. Amenambia uko Dabaso, una watoto wawili wakubwa, na ukipita mjini unaonekana mzima. Nimefurahi kusikia.

Je, ule mbirimbi wa uani kwa mama yetu, Ba, bado uko? Achari yake naiota mpaka leo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nyumba hii nzima hakuna anayekijua ila mimi, na hili ninaloandika sitaki walisome. Anjana, figo zangu zimekufa zote mbili. Mwaka wa pili sasa nafungwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki, damu inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Ni njia ile ile aliyopita baba yetu Bapuji, na Ba akamfuata. Walipovimba miguu tulisema ni chumvi ya maji ya kisima, tukasema ni kijicho cha watu. Madaktari wa hapa wanasema sisi wenye asili ya Bara Hindi tunashikwa na sukari mapema, hata tukiwa wembamba, na ikishatushika huzila figo zetu upesi kuliko za Wazungu. Tena tukiingia kwenye foleni ya kupandikizwa tunangoja sana, maana figo huoana kwa urahisi zaidi kwa watu wa asili moja, na watu wetu ni wachache wanaotoa.

Pritesh ameshakutwa na sukari. Damu ya Bhavna haipatani na yangu. Jhanvi ananyonyesha. Daktari akaniuliza, huna ndugu wa tumbo moja? Nikasema ninaye.

Nakuomba. Namba yangu ya simu iko hapa chini, nipigie au nitumie ujumbe. Barua ni polepole, na mimi wakati sina.

Kaka yako,
Tribhovan


Dabaso, 21 Februari 2024

Bwana Tribhovan,

Barua yako ilifika zamani. Nilikuwa nimeiweka juu ya kabati, kila nikipita naitazama, nikijiambia na ingoje kidogo.

Shikamoo sikupi. Wewe ni mkubwa wangu na adabu Ba alinifunza, lakini maiti haamkii mtu.

Huku kwetu jua kali na korosho zimezaa vizuri. Mwanangu Kambi anafundisha hesabu Kilifi. Kabibi anasomea uuguzi. Mume wangu Mwaringa hajambo, yuko na mizinga yake ya nyuki kule kwenye mikoko, na asali ya safari hii imetoka nyeusi na tamu. Nimeona barua yako imewauliza wote hali, mpaka mti wa birimbi, ila yeye. Mti upo.

Sasa nikukumbushe, maana nakuona umeanza hadithi katikati. Nilipoolewa na Mgiriama, hukuja kunipiga wala kunitukana. Ungefanya hayo ningeshakusamehe. Wewe ulioga. Ulijimwagia maji uani kwa Ba kama tuogavyo kwetu mtu wetu anapokufa, ukatoka ukawaambia watu Anjana hayupo tena. Picha yangu ukaitundika karibu na ya Bapuji, ukaivika shada la msandali. Mkalia, mkapika, mkamaliza matanga, nami niko hai hapa Dabaso, nina mimba ya Kambi. Jirani yenu Mama Nyale aliniletea sahani ya chakula hicho chini ya leso yake, maskini, akidhani nitafurahi kuonja cha kwetu. Wali na vitamutamu, ladu mbili. Nililia na nikala. Sidhani kama pwani hii kuna mwingine aliyekula matanga yake mwenyewe, na hizo ladu hata hiliki hamkutia.

Ba alipofariki nilikuja. Nilisimama barabarani, juani, mbele ya mlango nilioutoka nikiwa msichana. Uliuambia umma wote, na mimi nasikia, "Mizimu haiingii humu." Ukaufunga.

Leo mzimu unaandikiwa barua, unaombwa figo. Za marehemu huchomwa pamoja naye, Tribhovan, na moto uliuwasha wewe.

Simu sikupigii, huku niliko hakuna mtandao. Ukitaka kusema nami utashika kalamu, utabandika stempu, na utangoja kama nilivyongoja mimi. Sijakataa. Sijakubali pia. Nijibu kwanza swali moja: picha yangu iko wapi leo?

Anjana


Leicester, 15 Machi 2024

Dada Anjana,

Nimeisoma barua yako kwenye mashine, mkono mmoja umefungwa mipira, mwingine umeishika. Wauguzi wakaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Bhavna ana mafua, mjukuu ameanza kucheka. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Umeuliza picha. Iko sebuleni, kati ya Bapuji na Ba. Nilihama nayo. Watoto wanajua kuwa foi yao, shangazi yao, alifariki kwa malaria kabla hawajazaliwa. Kila mwaka Jhanvi huifuta vumbi na kukuwashia taa.

Sikuandika ili tugombane. Wakati ule ulikuwa wakati ule. Tulikuwa na binti za baba mdogo wawili hawajaposwa, na waposaji walikwishaanza kurudi nyuma. Bapuji hayupo, macho yote kwangu. Wewe uliondoka na yule mtu, mimi nilibaki na jamaa nzima mabegani. Nilifanya lililofanywa na kila kaka mkubwa.

Tafadhali, tusizungushane. Presha yangu inashuka nikiwa kwenye mashine mpaka nazimia. Mtu aliyekuwa akilala kitanda cha kando yangu, Mpunjabi mmoja mchangamfu, wiki iliyopita hakuja, na hakuna aliyetwambia kitu. Kuna binti mmoja, ni rafiki wa Pritesh, mtu mweusi, wazee wake wametoka Jamaika. Amejitolea apimwe. Nimemshukuru, nimemkatalia. Pritesh ananinunia mpaka leo. Lakini daktari alisema watu wa asili moja ndio huoana, na wewe ndiye damu yangu.

Nijibu upesi.

Tribhovan


Dabaso, 2 Mei 2024

Bwana Tribhovan,

Hujambo? Umesema nijibu upesi, nami nimejichelewesha kwa makusudi. Nilitaka uone kila siku tarishi wa Kizungu akipita mlangoni kwako mikono mitupu. Nasikia raha kuliandika hili, na sioni haya kukwambia.

Huku mvua za masika zimetuachia tope mpaka magotini. Kabibi amefaulu mtihani wake. Mwaringa alidungwa na nyuki kwenye kope, akakaa kutwa na jicho moja, tukamcheka. Ana jina, huyo. Ni herufi chache tu na zote unazijua, ulisomea shule ya Malindi.

Kwa hiyo Jhanvi ananiwashia taa! Mtoto ambaye sijapata kumshika ananiombea roho yangu ipumzike, na wewe umekaa kwenye kochi unatazama. Moyo huo ulinunua duka gani?

Nisikilize. Picha utaishusha. Shada utalitoa kwa mkono wako mwenyewe, si kwa mkono wa Bhavna. Utawaita watoto wako wote wawili, utawaambia, foi yenu yu hai, mimi ndiye niliyemwua. Kisha utaniandikia walisemaje.

Na kwa sababu nimelelewa vizuri, nakuuliza hali. Mkojo bado unapata, hata kidogo? Maji wamekupimia kiasi gani kwa siku? Ndizi usile, nyanya punguza, na akija mtu na madafu ya makopo ya huko dukani, usiguse, moyo utasimama. Ukiwashwa na ngozi usiku usijikune na kucha, paka mafuta ya nazi.

Hilo binti la Kijamaika lina moyo. Jina lake pia hukuniandikia.

Anjana


Leicester, 26 Mei 2024

Dada Anjana,

Nimefanya.

Niliwaita Jumapili. Nikapanda kiti mwenyewe, nikaishusha. Ukutani pamebaki alama nyeupe, mahali rangi haijapata jua, na kila anayeingia macho yanakwenda pale. Shada lilikuwa limekauka, likanivunjikia mkononi.

Umeniuliza walisemaje. Pritesh alitoka, akaenda kukaa ndani ya gari lake. Jhanvi alilia, nikadhani ni furaha. Akaniuliza, "Mimi ningeolewa na mtu usiyemtaka, ungenichagulia ugonjwa gani?" Hajaja tena kwangu na mtoto. Bhavna yeye alikuwa akijua, na sasa anasema ungeniacha nife na heshima yangu. Hayo ndiyo uliyoyataka, nadhani umepata.

Anjana, umejuaje habari ya ndizi na madafu? Na kuwashwa? Sikukuandikia kuwa nawashwa. Lewa alisema u mzima. Kama ni Kabibi amekusomea kwenye vitabu vyake, mwambie ahsante, mafuta ya nazi yamenisaidia.

Hospitali inauliza lini utapimwa. Nimewaambia karibuni. Niambie nisiwe mwongo.

Tribhovan


Dabaso, 7 Julai 2024

Bwana Tribhovan,

Alama nyeupe ukutani! Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Usipake rangi. Iache.

Kwetu wote wazima. Kambi ameposa, msichana wa Takaungu, wazazi wake Waislamu na wanataka mambo ya heshima, kwa hiyo Mwaringa na mimi tumekwenda mara mbili tumekaa mikekani tumekula na kuulizwa maswali. La kwanza nilitaka niwaambie mwenyewe: kwetu kuna sukari, kuna presha, na kuna figo. Baba yangu, mama yangu, sasa kaka yangu. Nikawaambia Kambi na dada yake nawapima mkojo na damu kila mwaka, wakinuna na wanune. Yule mama wa Takaungu akaniambia, "Ahsante, wengine huficha." Sisi ndio hao wengine, Tribhovan. Kwetu mgonjwa hufichwa ili binti aolewe, na aliyeolewa kwa mapenzi akazikwa. Je, Pritesh na Jhanvi wameshapimwa mkojo, au unangoja nao wavimbe miguu? Wapeleke wiki hii. Hili si sharti, ni amri.

Masharti ni haya. Uliwalisha watu kwa kifo changu, utawalisha kwa ufufuo wangu. Wale wa Malindi waliohamia Leicester wako wengi, na waliokula matanga yangu bado wana meno. Waite, pika, simama, waambie. La pili, uniandikie jina la mume wangu.

Mwaringa hapendi haya ninayofanya. Jana usiku wakati wa chakula aliniambia, "Mama Kambi, mwambie mwenzio kweli, mwache mtu apumue." Nimemwambia ale samaki wake.

Nimempa mgeni mmoja wa Watamu anayerudi Uingereza chupa ya achari ya birimbi, kutoka mti ule ule wa Ba, nimeweka chumvi na pilipili kama ulivyopenda. Usiile hata tone. Birimbi kwa mtu wa figo ni sumu, na hiyo chumvi peke yake ingetosha. Iweke kwenye rafu uitazame.

Anjana


Leicester, 4 Agosti 2024

Dada Anjana,

Achari imefika. Nilifungua kifuniko nikanusa, nikafunga. Bhavna alitaka kuitupa, nikamkataza. Wewe ni mkatili, na sijapata kusikia harufu nzuri kama ile tangu nitoke Malindi.

Nimewalisha. Walikuja wengi kuliko niliowaalika, maana habari zilikwishatangulia. Jhanvi alirudi, akapika yeye, ladu akazitia hiliki hata zikazidi. Nikasimama mbele yao. Nilikuwa nimetoka kwenye mashine jana yake, Pritesh akanishika kiwiko. Nikawaambia dada yangu Anjana yu hai na hakupata kufa. Mzee mmoja aliyekuwapo siku ile uani kwa Ba akasema kwa sauti, "Sote tulijua, Tribhovan. Tulikula tu." Wakacheka wengine, wengine wakainamisha vichwa. Nami sikuweza kula chochote katika vile vyakula, nilikunywa kikombe changu cha maji cha siku na kutazama.

Watoto wamepimwa. Jhanvi yuko salama. Pritesh mkojo wake umeonyesha protini. Daktari amesema tumewahi, kuna dawa, kuna chakula cha kufuata, figo zake zinaweza kudumu mpaka uzee. Amesema tungengoja miaka mitano ingekuwa habari nyingine. Kwa hili nakushukuru, na ninasema kwa moyo.

Nimefanya yote, Anjana. Sasa nipe tarehe.

Tribhovan


Dabaso, 29 Agosti 2024

Bwana Tribhovan,

Hukufanya yote. Karatasi mbili umejaza, mzee wa karamu umempa nafasi, kikombe cha maji umekipa nafasi, na jina la mume wangu hakuna. Nilikuwa nimejiwekea nadhiri: ukiliandika, nitakwambia kweli kwa upole. Hukuliandika, kwa hiyo ichukue hivi ilivyo.

Figo sikupi. Sina. Tangu barua yako ya kwanza sikuwa nayo.

Mimi nilianza kuvimba kabla yako. Kwanza viatu vikanibana, kisha nikawa natapika asubuhi, watu wakanipongeza wakidhani nina mimba ya uzeeni. Nilikwenda Mombasa nikaambiwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe: watu wenu, sukari yenu, huwaanza mapema, huwamaliza upesi. Nilikaa kwenye mashine mwaka na zaidi, kutoka Dabaso alfajiri na kurudi nimekauka. Ndiyo maana najua ndizi, najua madafu, najua kuwashwa. Lewa hakujua, hakuna aliyejua mjini, kwa sababu hata mimi bado nilikuwa binti wa Ba, nikificha ugonjwa kama aibu.

Watoto walitaka kunipa. Nikakataa, maana damu hii imo ndani yao pia, na huenda wakazihitaji zao. Mwaringa alikuwa amekaa kizingitini anachonga mzinga. Akasema, "Na mimi je? Au zangu ni za mbuzi?" Tukacheka. Tulipokwenda Nairobi kupimwa nilikuwa nacheka bado, kwa sababu nilikuwa naamini kama unavyoamini wewe, kwamba wa kunifaa ni mtu wetu. Madaktari wakarudi na majibu. Damu yake hupokewa na watu wote, na mwili wangu haukuwa na neno naye. Tulilazwa siku moja, vitanda mbalimbali, na yeye akazinduka wa kwanza akauliza, "Amekojoa?"

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Zangu mbili za kuzaliwa, za Bapuji na Ba, bado zimo mgongoni, zimenyauka. Ya tatu iko hapa chini tumboni, upande wa kulia, nikiweka kiganja naigusa. Nina figo tatu, Tribhovan, na hata moja si ya kukupa. Inayofanya kazi ni ya Mgiriama uliyeoga ili umtoe mwilini mwa jamaa yako. Yumo. Kila tone la maji linalonitoka, yeye ndiye anayelichuja.

Miezi saba nimekuzungusha. Nimekushushisha picha, nimekuvunjisha shada, nimekusimamisha mbele ya watu, nimekunusisha achari. Sijutii. Kila nilipobandika bahasha nilijisikia kama mtu aliyepata kulala baada ya homa.

Daktari wako alikwambia watu wa asili moja huoana kwa urahisi zaidi. Hakukwambia wengine haiwezekani. Hayo umeyaongeza wewe. Kuna binti hapo mlangoni kwako amekunyooshea mkono tangu mwaka uanze, nawe umekaa unaandikia kaburi.

Sasa kasirika.

Anjana


Leicester, 19 Oktoba 2024

Kwa shemeji yangu Mwaringa,

Shikamoo.

Wewe ni mkubwa wangu kwa umri, Lewa amenambia, kwa hiyo hii ni haki yako tangu zamani. Barua hii naituma kwako na si kwa dada, lakini najua ataisoma yeye, na ni sawa.

Barua yake ya mwisho nilitaka kuichoma. Nilikaa nayo majuma, nimeiweka mfukoni mwa koti, nikienda nayo kwenye mashine na kurudi nayo. Nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo, hata wakati ule. Jhanvi akaniona nimekonda akaniuliza nini kimo mfukoni. Basi nikawaketisha wote, na Bhavna, nikawasomea kwa Kigujarati neno kwa neno, mpaka pale uliposema habari ya mbuzi. Pritesh akacheka kwa sauti. Sijamsikia akicheka nyumbani kwangu tangu mwaka uanze.

Yule binti anaitwa Denise. Amepimwa mara ya kwanza na majibu ni mazuri, bado vipimo viwili. Kama itakuwa itakuwa mwakani, kama haikuwa nitabaki kwenye foleni na mashine yangu. Kabla ya kumruhusu nilimwuliza kwa nini anataka. Akasema, "Kwa sababu Pritesh anakupenda, na mimi nampenda yeye. Wewe bado sijaamua."

Shemeji, nimeambiwa umebaki na figo moja. Je, inakutosha? Mgongo hauumi unapobeba mizinga? Kidonda kilipona vizuri? Katika watu wa kwetu hakuna aliyekuuliza, na mimi nilikuwa na bahasha nne za kukuuliza. Unywe maji ya kutosha, na upimwe presha. Una watu wengi wanaokutegemea sasa.

Shemeji yako,
Tribhovan


Dabaso, 20 Novemba 2024

Kaka Tribhovan,

Hujambo? Bhavna, watoto, mjukuu, na huyo Denise asiyekuamua bado, wote nawasalimu. Mwambie achukue muda wake, mimi ilinichukua miaka thelathini.

Harusi ya Kambi ni mwezi wa pili, Takaungu. Nitavaa sari ya Ba, ile ya kijani. Mama Nyale ndiye aliyeiiba kabatini siku ya msiba akaniletea chini ya leso, kama zile ladu.

Barua yako nilimsomea Mwaringa kule kwenye mizinga. Moshi ulikuwa unanitoa machozi, usije ukaambiwa vingine na Lewa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudie mstari wa juu. Nikarudia. Akaitikia, Tribhovan. Aliitikia kwa sauti, amesimama, na kofia yake ya nyavu mkononi, kama umesimama pale mbele yake. Akasema mgongo hauumi, na kwamba mulamu wake ana mwandiko mzuri, ndivyo waitanavyo mashemeji kwao. Akaniambia, "Muandikie nilivyojibu."

Siandiki. Neno lenyewe ni moja na unalijua, lakini kwenye karatasi yangu hulipati. Nimekuwa maiti muda mrefu, nawe vumilia kidogo ukiwa hai. Pona. Kisha panda ndege, uje Dabaso na picha yangu, bila shada, ulisikie kwa masikio yako. Achari ya mwaka huu nimekwisha kuifungia, na ukija na figo ya Denise tutamwuliza daktari kama unaweza kulamba kidole.

Ukifika usibishe hodi. Utasimama nje kwanza, barabarani, juani, kama nilivyosimama mimi kwa Ba. Hutasimama sana. Ni mpaka Mwaringa avae shati lake zuri atoke kukuitikia.

Dada yako,
Anjana